Ridhaa ya Baba Aliye Hai

Kwa jina la Mola ambaye mauti hayamkaribii wala usingizi haumchukui, mwenye kustahiki shukrani wakati wa faraja na wakati wa karaha.

Mdogo wangu mpenzi, wa tumbo moja na mimi,

Amani na rehema zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji yangu na wote wanaokula sahani moja nanyi. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na safari hii neno hilo siliandiki kwa mazoea. Nataka kujua kwelikweli. Je, kifua kimetulia? Unapanda ngazi bila kusimama katikati? Unapata usingizi? Ukinijibu, usinijibu kwa "alhamdulillahi" peke yake kama ilivyo kawaida yako, bali nieleze kiungo kimoja kimoja.

Mimi sijambo. Macho yamepungua nuru, lakini herufi kubwa nazisoma, na sauti ya kusomesha bado ninayo. Utajiuliza kwa nini nimeandika, hali simu ipo. Simu ni chombo cha haraka, na habari hii haitaki haraka. Isome ukiwa umekaa, peke yako, na usimsomee shemeji mpaka uifikishe mwisho.

Unajua kwamba tangu nifike huku naishi kwa mwanao. Katika chakula na matandiko sina la kumlaumu. Chumba changu kina dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na ukuta wenyewe ni safi. Mkamwana wako huniamkia kila asubuhi na kuniuliza kama nimelala vyema. Jibu halisubiri, lakini kuuliza anauliza. Lililonichosha si nyumba hii wala mwenye nyumba. Lililonichosha ni baba wa huyo mkamwana, mtu ambaye mtaa mzima wanamwita Bwana Vioo.

Bwana Vioo anauza vioo vya madirisha, vya milango ya maduka na vya kujitazamia. Karakana yake ni ukumbi mrefu ambamo vioo vimesimamishwa kwa ubavu katika fremu za mbao, na mafundi wenye glavu nene huvibeba wawiliwawili, wakitembea taratibu kama wabebao jeneza. Yeye mwenyewe hukaa katikati, na popote ageukapo hujiona. Nadhani hapo ndipo maradhi yake yalipoanzia. Mtu aliyejitazama umri wake wote hawezi tena kuamini kwamba duniani kuna mwingine.

Mwenyezi Mungu amemjaalia mabinti watupu, wote wazuri na wenye adabu kuliko yeye. Badala ya kushukuru, ameamua kununua mtoto wa kiume. Alimwambia mwanao kwamba atamfanya mshirika, na kwamba siku atakapofumba macho karakana yote itakuwa yake, kwa sharti moja: alivue jina lako na la baba yetu, alivae lake yeye, ili ubao wa mlangoni usomeke jina la Bwana Vioo "na Mwanawe". Na kwa kuwa mgeni katika nchi hii huandikishwa katika biashara kwa jina lililomo ndani ya kibali chake cha ukaazi, haitoshi kuitwa hivyo mdomoni. Sharti jina libadilishwe katika karatasi zote za uhamiaji.

Alikuja mwenyewe kunieleza, akakaa juu ya kitanda changu bila kukaribishwa. Alisema nisiyakuze mambo, kwamba jina ni kama shati, likikubana unalibadilisha. Nilimjibu kwamba wote tulizaliwa bila shati, lakini sijapata kumwona aliyezaliwa bila baba. Alicheka sana, akanipigapiga mgongoni kama mtu ampigapigavyo punda wa jirani, akasema, "Shehe wewe una maneno!" Kisha akaomba chai. Nimekaa na wajinga wengi, mdogo wangu, na wajinga wana heshima yao. Huyu si mjinga. Huyu ni mtu aliyeshiba.

Mwanao naye alikuwapo. Alikuwa amesimama mlangoni, akiikuna fremu kwa ukucha.

Siku chache baadaye aliniomba nifuatane naye kwa mtu wa makaratasi. Mtu huyo anajiita Mtaalamu, na ofisi yake iko juu ya saluni, hivyo mazungumzo yote tuliyafanya ndani ya harufu ya nywele zilizoungua. Ukutani ametundika vyeti, na nilipovisogelea niliona kwamba kimoja ni cha kushiriki mashindano ya kuogelea. Mtaalamu alihesabu kwa vidole mambo yanayotakiwa na uhamiaji: hati ya kusafiria, kibali cha ukaazi, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, picha mpya, alama za vidole, risiti ya ada, kiapo mbele ya wakili, tangazo gazetini ili mwenye pingamizi ajitokeze, na mwisho, kwa anayeacha jina la baba, ridhaa ya baba huyo kwa mkono wake mwenyewe. Alipofika hapo vidole vilikuwa vimemwishia, akanitazama mimi.

Aliniuliza kama mimi siye baba mkubwa wa kijana. Nikasema ndiye. Akasema basi kazi imekwisha: tufute "mkubwa", nibaki "baba", nitie saini, twende tukanywe soda. Nilimwambia kwamba kiapo ni neno ambalo mtu hulitamka Mungu akiwa shahidi. Mtaalamu akanipigia saluti ya mzaha na kusema, "Mzee wangu, Mungu haketi dirishani. Dirishani anakaa mama mmoja mwenye miwani."

Hapo ndipo nilipoinuka. Naye, alipoona nimeinuka, akaanza kulalamika kwamba ridhaa ya mzazi aliye mbali ni safari ndefu kama mimba, ina mihuri ya huko na mihuri ya huku, na huenda mtoto akazaliwa akiwa mzee. Kisha akaongeza, akimkonyeza mwanao, "Laiti angekuwa marehemu! Marehemu hana usumbufu. Barua ya imamu kwamba kaswaliwa, kopi mbili, basi."

Nilidhani ni mzaha wa mtu asiye na malezi. Lililonishangaza ni kwamba mwanao hakucheka. Tulipokuwa tukishuka ngazi alinishika mkono nisiteleze, akaniambia kwa upole, "Baba mkubwa, si karatasi tu?" Nikamwambia kwamba hata ndoa yake ni karatasi, na hata talaka, ajaribu kumwonyesha mkewe moja badala ya nyingine, kisha aje anieleze kama ni karatasi tu.

Baada ya hapo ilikuja adabu. Mwanao alininunulia kandambili laini. Akanipeleka kwa tabibu wa macho. Akawa anakaa nami baada ya chakula na kuniuliza habari za ujana wetu, na jina kamili la babu yetu, na mji ulikozaliwa wewe. Nami, mzee mzima mwenye mvi mpaka masikioni, nikadhani ametubu. Nikamsimulia kila kitu, kwa raha, na kicheko juu yake. Ningejua kwamba nachimba kaburi, ningefunga mdomo.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, nawe shikilia kiti.

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, imamu wetu alituomba tusitawanyike kwa kuwa yupo wa kuswaliwa ambaye hayupo mbele yetu. Huku maimamu wana utaratibu wa kupelekeana majina ya waliofariki katika nchi za mbali ambao jamaa zao wako hapa, ili kila msikiti umwombee. Imamu akafungua karatasi, akanitazama mimi nilipo safu ya kwanza kwa macho ya huruma, akasoma jina lako. Akasoma la baba yetu. Akasoma la babu yetu, na mji ulikozaliwa.

Mdogo wangu, nilikuswalia. Sikuwa na shaka hata kidogo, kwa kuwa wenye jina hilo lote duniani hawako wawili. Nilidhani habari imefika usiku kwa mwanao na ameshindwa kunitazama usoni. Fundi saa mmoja wa mtaa huu, aliyekuwa kando yangu, alinishika kiwiko. Nilisoma yote yanayosomwa, nikakuombea nafasi pana na nuru, nikatoa salamu. Watu wakanijia kwa pole, mmoja baada ya mwingine, nami nikawaitikia kwamba sote ni waja wake na kwake tutarejea.

Kisha nikatoka uani, nikakaa penye rafu ya viatu, nikapiga simu nyumbani kwako ili nimpe pole shemeji.

Ukapokea wewe.

Ndiyo simu ile ya Ijumaa mchana. Uliniuliza, "Kaka, mbona unalia?" Nikakwambia ni mafua. Ukanisuta kwamba siku zote napuuza baridi, ukaniamuru nijifukize na nilale mapema, ukaendelea kulalamika juu ya bati lililong'oka na fundi anayekuzungusha, nami nikasikiliza habari za bati lile kana kwamba ni hotuba ya peponi. Mimi niliyekataa kusema uongo mbele ya wakili, nikausema kwako. Unisamehe mafua yale.

Nilirudi ndani nikamwomba imamu kipaza sauti. Niliwaambia waliokuwapo, "Ndugu zangu, yule mliyemswalia anakohoa." Fundi saa, ambaye Mungu hakumwekea breki mdomoni, akauliza kama marehemu amekasirika. Nikasema marehemu bado hana habari. Watu wazima waliangua kicheko msikitini, na waliocheka zaidi ni wale waliolia zaidi. Imamu, masikini, alikuwa amegeuka rangi. Alisema tu kwamba dua ya maghufira haimdhuru aliye hai. Basi ujue kwamba umeombewa msamaha na msikiti mzima ukiwa ungali unakula, na katika habari hii yote hilo ndilo jema pekee.

Jioni nilimwita mwanao chumbani, nikamwambia afunge mlango. Hakukana. Alikuwa amekwenda kwa imamu wa mtaa mwingine, ambaye hanijui, akamlilia kwamba amefiwa na baba na anahitaji barua kwa ajili ya uhamiaji. Imamu yule ni mcha Mungu. Alisema hawezi kuandika kwamba umeswaliwa hali hajakuswalia, kwa hiyo atakuswalia kwanza Ijumaa, na jina atalisambaza, kisha barua ataiandika kwa moyo safi. Mwanao akamshukuru, akaenda zake kazini. Angekuwa mtu wa kuhudhuria Ijumaa, angejua jina likisambazwa linafika wapi. Hivyo kilichomfichua si ujanja wangu. Ni uvivu wake wa ibada.

Bwana Vioo aliposikia, alikuja na hasira. Si hasira ya haya. Alikasirika kwa kuwa nimechelewesha ubao, na rangi ya ubao imekwisha kuchanganywa. Alisema mimi ni mzee wa zamani. Nikamwambia kweli, mimi ni wa zamani, wa zamani zile ambapo mtu alisubiri mwenzake afe ndipo amzike. Binti yake, ambaye hajawahi kungoja jibu langu, siku hiyo alisimama baina yetu akamwomba baba yake aondoke. Nimempa heshima yake tangu hapo.

Jumatatu nilimpeleka mwanao uhamiaji kwa mkono wangu, maana Mtaalamu alikuwa amekwisha kupeleka maombi yenye tamko kwamba baba wa mwombaji amefariki na barua ya imamu inafuata. Ukumbi wa ofisi ile una viti vilivyokazwa sakafuni kwa skrubu, na kalamu imefungwa kamba kama mbuzi. Dirisha lina tundu la kusemea chini mno, hata mtu analazimika kuinama nusu ya rukuu. Rukuu ina mwenyewe, naye ni Mola, basi niliomba kiti. Mama mwenye miwani akanipa kiti. Nilimweleza kwamba marehemu anayetajwa katika jalada hili ni mdogo wangu, na kwamba jana amekula vizuri.

Alilisoma jalada kwa utulivu, akavua miwani, akaifuta, akasema maneno machache ambayo nayaandika kama yalivyo kwa sababu yanakuhusu. Alisema tamko la uongo linatosha kufuta kibali cha mwanao na kumrudisha alikotoka, na mkewe abaki huku. Lakini kwa kuwa tumekuja wenyewe kabla ya barua, atalihesabu kuwa kosa la wakala, iwapo kabla ya mwezi huu kwisha mwanao atapata ridhaa ya baba aliye hai. Asipoipata, kibali kitafutwa, maana jalada likishafunguliwa haliondolewi. Nikamuuliza kuhusu mihuri na ile safari ndefu kama mimba. Alishangaa. Alisema mzazi huenda kwa wakili yeyote wa alipo, huweka saini na picha, hutuma, basi. Wapo waliomaliza kwa wiki moja. Kisha akamuuliza mwanao, si kwa ukali, "Kwani kwa nini hukumwomba tu?"

Mwanao akaanza kukusanya karatasi zake.

Tulipotoka tulikaa kwenye benchi la nje, penye wauza picha za haraka. Nilimrudishia swali lile lile na nikasubiri. Alinijibu kwamba alijua tangu mwanzo. Mihuri ile ilikuwa hadithi ya kunizuga mimi. Alisema hakuogopa ukatae. Alisema, "Baba angekubali kabla sijamaliza kusema. Hata siku niliyoaga hakuniuliza nakwenda wapi. Aliniuliza tu kama nina sweta. Ningemwomba ruhusa ya kuliacha jina lake, angesema chukua mwanangu, halafu angeniuliza kama nimekula. Ningeishije na hilo, baba mkubwa? Nikaona bora niwe yatima."

Nimesomesha watu, nimesuluhisha ndugu walioshikiana mapanga, nimesikia maungamo ya wezi na ya wazinzi. Sijapata kumsikia mtu aliyemuua baba yake kwa haya. Dharau niliyokuwa nimemwekea ilikuwa imekaa vizuri kifuani mwangu, imeiva, nina maneno yake tayari. Nikaona nusu yake sina pa kuiweka. Ile nusu nyingine bado ninayo, usiwe na wasiwasi. Nilimwambia kwamba adhuhuri imeingia, akatawadhe. Alikwenda akatawadha, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiswali tangu nifike.

Sasa nisikilize kama kaka yako. Mola ametuamuru watu waitwe kwa baba zao, na atakayejinasibisha na asiye baba yake kwa kujua, dhambi yake ni nzito. Hilo nimemwambia na sitalipunguza. Lakini pia najua kwamba usipotia saini, atarudishwa kwa aibu na nyumba yake itavunjika. Na ukitia saini, atabaki na nyumba, na mtu anayejitazama katika vioo atamwita mwanawe. Uamuzi huo si wangu, nami sitakuamulia.

Ila ninakujua. Najua kwamba ukifika hapa umekwisha kuitafuta miwani na kuuliza wakili yuko wapi. Keti. Nakuomba kwa haki ya mkubwa juu ya mdogo, jambo ambalo sijakuomba tangu tulipowazika wazee wetu: usimwahi. Umempa mtoto huyu kila kitu kabla hajafungua mdomo, ndiyo sababu mdomo wake haujui kuomba. Nimemwambia kwamba atakupigia simu mwenyewe, akutajie jina lako, akueleze analitaka kulifanyia nini na kwa ajili ya nani, kisha anyamaze asubiri. Wewe nawe usimsaidie. Akigugumia, mwache agugumie. Usimuulize kama amekula.

Akikuomba, jibu kwa utakavyoona, na mimi nitalisimamia jibu lako, liwe lolote, mbele ya Bwana Vioo na mbele ya mama wa dirishani. Mwezi ukiisha hajapiga, basi usitafute wakili. Atakuwa amejijibu.

Nisalimie shemeji yangu, umwambie maneno haya kwa kipimo cha moyo wake. Nisalimie majirani wa pande zote mbili na wote wanaoniulizia. Mola akupe umri wenye manufaa, akiponye kifua chako, aijaze nyumba yako utulivu, awaongoze watoto wako walio karibu na walio mbali, na siku ya haki itakapofika akufishe ukiwa ameridhika nawe, kwa wakati wake Yeye na si kwa wakati wa uhamiaji. Amina.

Mimi kaka yako, kifungua mimba wa mama yetu, nikuombeaye heri.